Nitampigaje kauboi picha isiyofanana na tangazo la sigara?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa ni mwaka wa nne niko Amarillo, Texas. Usiku nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, mwisho wa wiki nashika kamera. Nimekuwa nikienda kwenye rodeo, yale mashindano ya makauboi ya kupanda farasi na fahali wakali, na kwenye minada ya ng'ombe kuwapiga picha makauboi. Watu wanazisifu picha zangu, lakini nikizipanga pamoja naona kitu kile kile: kofia, vumbi, jua linazama, mwanaume kanyamaza. Zinafanana na tangazo la sigara. Nataka kazi inayosema jambo juu ya wanaume hawa na juu ya uanaume wenyewe. Nianzie wapi? Na mtu kama mimi, mweusi, mkimbizi, ambaye baba yake alichunga ng'ombe milimani Kongo, nina haki gani ya kusimulia habari za makauboi wa Marekani?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole na kazi za usiku.

Tangazo la sigara umelitaja kwa kupita tu, lakini kiini cha swali lako kimo humo, maana tangazo lile lilizaliwa jirani na unapolala. Kusini-mashariki ya Amarillo, kwenye bonde la Palo Duro, kuna ranchi ya JA, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Charles Goodnight kwa fedha za mshirika wake John Adair. Mwaka 1949 gazeti la Life lilimtuma huko mpiga picha Leonard McCombe akaishi na makauboi. Aliyemvutia zaidi ni nyapara wa ranchi, Clarence Hailey Long, mtu wa miaka 39 ambaye uso wake ulikuwa umeshakunjwa na jua na upepo. Toleo la tarehe 22 Agosti mwaka huo likatoka na Long kwenye jalada. Hiyo ilikuwa kazi ya kihabari, picha za maisha halisi ya mtu halisi kazini kwake.

Miaka michache baadaye kampuni ya matangazo ya Leo Burnett, ya Chicago, ikapewa mzigo wa kuwauzia wanaume sigara ya Marlboro. Tangu mwaka 1924 sigara hiyo ilikuwa ikiuzwa kama sigara ya wanawake, na kichungi chake wanaume wa siku zile walikiona ni mambo ya kike. Ikahitajika sura ya mwanaume ambaye hakuna anayethubutu kuuhoji uanaume wake, na sura ya aina ya Long ikawa jibu. Katikati ya miaka ya 1950 kauboi akaanza kuvuta sigara kwenye matangazo pamoja na wanaume wengine wa kila namna. Ilipofika miaka ya 1960 wale wengine walishaondolewa, akabaki yeye, farasi wake na mandhari makubwa yasiyo na mtu.

Zingatia mzunguko wake. Picha ya kweli iligeuzwa kuwa tangazo, na tangazo likarudi kuwafundisha wapiga picha jinsi kauboi anavyotakiwa kuonekana. Liliwafundisha na makauboi wenyewe. Kijana wa leo anayeegemea uzio akakunja goti moja na kuinamisha kofia alikwisha kuona pozi hilo mara elfu kabla hujafika na kamera yako. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huna kipaji. Unapiga picha ya kitu ambacho kimeshapigwa picha hadi kikajifunza kupozi. Msanii Richard Prince aliliona hilo mapema: kuanzia mwaka 1980 alikuwa akiyapiga picha matangazo yenyewe, anayaondoa maneno, anabaki na kauboi mtupu. Mwaka 2005 picha yake moja ya namna hiyo iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 1.2. Mimi kazi ile naiheshimu kwa wazo lake, ila hainifundishi chochote juu ya mtu aliye juu ya farasi, na wewe mtu huyo ndiye unayemtafuta.

Wala usidhani sigara ndiyo iliyoanza. Uvumi wa kauboi, yaani sifa anazovumishiwa, ni wa zamani kuliko hapo, na tangu mwanzo ulitengenezwa mbele ya watazamaji. William Cody, yule Buffalo Bill, alianza maonyesho yake mwaka 1883, wakati makauboi wa kweli bado wanaswaga ng'ombe. Mwaka 1885 Theodore Roosevelt alipigwa picha maarufu akiwa amevaa suti ya ngozi ya kulungu, bunduki mkononi na kisu kiunoni, macho makali kama yuko porini. Picha hiyo ilipigwa studio, New York. Alikuwa kijana wa familia tajiri, na alipoingia bunge la jimbo wenzake walimcheka kwa sauti yake nyembamba na mavazi yake ya kimaridadi. Alikuwa kweli na ranchi huko Dakota, na kweli alifanya kazi ngumu huko. Lakini studio alikwenda kutafuta kitu kingine: ushahidi kwamba yeye ni mwanaume. Miaka 16 baadaye alikuwa Rais. Ukitaka kujua kamera, kofia na uanaume vilifunga ndoa lini, itazame picha ile kwa makini.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Biashara ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye reli za Kansas ilidumu kama miaka ishirini tu, tangu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865. Seng'enge, iliyopata hataza mwaka 1874, ikafunga malisho ya wazi. Kisha majira ya baridi ya 1886 hadi 1887 yakaua ng'ombe kwa malaki huko kaskazini. Waliofanya kazi hiyo walikuwa vibarua vijana, na ujuzi karibu wote, kamba, tandiko na namna ya kukusanya mifugo, waliurithi kwa Wameksiko. Wasio wachache kati yao walikuwa weusi, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mmoja katika kila wanne. Goodnight mwenyewe, kabla hajaanzisha JA, aliswaga ng'ombe pamoja na Bose Ikard, aliyezaliwa utumwani. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight alimwekea jiwe la kaburi huko Weatherford na kuandika juu yake sifa za utumishi wake.

Tena upande wako huo huo, kwenye mji wa Tascosa ambao baadaye ulihamwa, mwaka 1883 makauboi waligoma. Waligoma kabisa, kama wafanyakazi wa bandari wanavyogoma, wakidai ujira wa dola 50 kwa mwezi. Walishindwa. Mtu huru asiye na bosi, anayekwenda apendako, ndivyo tangazo lilivyomchora. Kumbe alikuwa na bosi, alikuwa na madai ya mshahara, na alifukuzwa kazi kwa kuyatamka. Nakusihi uibebe habari hii kila uendako na kamera, kwa sababu inakupa swali la kumwuliza kila kauboi utakayekutana naye: unalipwa kiasi gani, na nani anayekulipa? Hakuna tangazo lililowahi kumwuliza hivyo.

Kuna mtego mwingine ambao wapiga picha hodari wameunasa mguu humo kwa zaidi ya miaka mia moja, nao ni kauboi "wa mwisho". L. A. Huffman, aliyeanza kazi Montana karibu mwaka 1879, alijiona anapiga picha ya dunia inayokufa. Erwin Smith, kijana wa Honey Grove, Texas, mwanzoni mwa karne ya 20 alikwenda ranchi kwa ranchi akiharakisha kabla hawajaisha. Miaka ya 1980 vitabu vya picha vilitoka vikiwataja kwenye majina yake kuwa ni kizazi kinachotoweka. Leo bado wapo wanaotangaza wamempata wa mwisho. Hao "wa mwisho" wamezaa watoto na wajukuu walio kazini hadi asubuhi ya leo. Neno hilo humpa mpiga picha huzuni ya bure, na kumfanya kijana wa miaka 22 mwenye simu mfukoni na deni la gari aonekane kama kumbukumbu. Lifute kwenye daftari lako.

Sasa nianze na ushauri wenyewe. Wengi hudhani njia ya kutoka kwenye tangazo ni kumvua kauboi kofia ili wamfikie "mtu wa kweli" chini yake. Mimi sikubaliani. Kofia ni yake. Ameinunua kwa jasho, anaitunza, anaiweka kichwa chini miguu juu mezani ili ukingo usipinde, na anaamini kitu fulani juu yake mwenyewe anapoivaa. Uvumi ule umo ndani yake, na huwezi kuubandua kama lebo ukabaki na mtu. Piga picha ya jinsi anavyoubeba: wapi unamnyoosha mgongo, wapi unambana, wapi anausahau kwa dakika moja.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ulipigwa mbali sana na malisho. Katikati ya miaka ya 1950 Robert Frank, mhamiaji kutoka Uswisi, alimkuta kauboi mmoja kwenye barabara ya New York wakati rodeo imekuja mjini. Mtu mwembamba, kofia, buti, bizimu kubwa ya mkanda. Ameegemea pipa la taka, kichwa kimeinama, anashughulika na sigara yake. Nyuma yake magari. Kila kitu cha tangazo kimo humo ndani, hata sigara, lakini hakuna mlima wala farasi, kuna pipa la taka, na uzuri wake mtu yule haujapungua. Anajua amependeza. Hajui la kufanya na kupendeza kwake katikati ya jiji. Frank hakumcheka, na kwa sababu hakumcheka picha ile bado inaishi.

Nenda basi nyuma ya vizimba vya fahali, mahali ambapo watazamaji hawafiki, na uombe ruhusa ya kukaa hapo tangu saa mbili kabla ya mchezo. Jukwaani utapata sekunde 8 za kishujaa ambazo kila mtu anazo. Huku nyuma utaona kijana amefunga kamba yake ya fahali kwenye uzio, amevaa glavu, anaisugua kamba kwa utomvu mkavu wa msonobari, juu chini, juu chini, mpaka utomvu upate joto na kuanza kunata. Mwenzake anamfunga tepu kwenye kifundo cha mkono, taratibu, kama mama anavyomfunga mtoto bandeji, na wote wawili wanatazama pembeni. Mmoja amepiga goti kwenye vumbi, kofia kifuani, anasali. Mwingine anatapika nyuma ya lori kisha anarudi akitabasamu. Wanaume hawa wanashikana, wanafungana, wanavutana vesti, wanapigana makofi mgongoni, wanaogopa pamoja bila kulitamka neno woga. Upole mwingi kiasi hicho kati ya wanaume ni nadra kuuona mahali pengine, na huruhusiwa hapo kwa sababu tu fahali yupo.

Hapo hapo utaiona na habari ya helmeti. Lane Frost, bingwa wa dunia, alipouawa na fahali Cheyenne mwaka 1989, waendeshaji walianza kuvaa vesti za kujikinga, na ikawa kawaida, kwa kuwa vesti huvaliwa juu ya shati na kofia inabaki mahali pake. Helmeti ilichukua muda mrefu zaidi. Ligi kubwa ya waendesha fahali wa kulipwa ilianza mwaka 2013 kuwalazimisha wale waliozaliwa kuanzia Oktoba 1994, wakubwa wakaachiwa hiari yao. Ukisimama kwenye vizimba leo utawaona bega kwa bega: kijana mwenye helmeti na wavu wa chuma usoni, na kaka yake mwenye kofia ya sufu ambayo haizuii hata kwato ya mbuzi. Kabla ya kupanda, wengi wa wenye helmeti huitundika kofia yao mahali pa kuonekana, na wakishatua huivaa upesi kabla ya kuwapungia watu. Ndiyo picha ninayoitamani kutoka kwako. Humo umo uanaume wote unaouuliza: kwamba mtu anaweza kukubali kulinda fuvu lake, mradi tu watu wasikose kuiona kofia.

Upande wa giza upo pia, na nitausema bila kuzunguka. Kwa miaka mingi Wyoming na Montana zimekuwa juu kabisa kwenye orodha ya majimbo ya Marekani kwa watu kujiua, na walio wengi ni wanaume. Ukimya ambao tangazo liliuuza kama hadhi una gharama kwenye nyumba za watu. Hata wanaume waliotokea kwenye matangazo yale hawakuokoka: Wayne McLaren alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1992 baada ya kutumia miezi yake ya mwisho kupinga sigara hadharani. Usiende kutafuta machozi. Lakini ukikaa na watu muda wa kutosha, usiku mmoja mtu atakusimulia jambo zito. Hapo iweke kamera chini. Picha itangoja. Namba ya msaada kwa nchi nzima ni 988, iandike ndani ya mfuko wa kamera yako.

Kwenye ufundi nitakuwa mfupi, maana naona unajua kazi. Jiwekee katazo la miezi mitatu: hakuna kivuli cheusi mbele ya jua linalozama, hakuna kupiga kutoka chini kwenda juu, hakuna lenzi ndefu. Kivuli cheusi kinafuta uso, na mtu asiye na uso ndiye hasa anayehitajika kwenye tangazo. Kupiga kutoka chini kunamgeuza sanamu. Lenzi ndefu inakuruhusu usizungumze naye. Chukua ya milimita 35, isimamishe usawa wa kifua chako, ukaribie mpaka akuulize jina. Halafu kuna jambo ambalo wapiga picha wengi wa rodeo hawajali, na wewe utalijali: mtu mweusi mwenye kofia pana saa sita mchana. Ukiiachia kamera iamue, itasoma anga na mchanga, na uso wake utakuwa shimo. Pima mwanga usoni kwake, au ongeza hatua moja na nusu au mbili za mwanga juu ya kile kamera ilichokisoma, anga liungue, haidhuru. Au msogeze kidogo aelekee mchanga mweupe uliopigwa na jua, ule mwanga wa chini utaingia chini ya kofia. Mamia ya nyuso yamepotea kwenye kumbukumbu za nchi ile kwa uvivu wa hatua mbili za mwanga.

Tazama kazi za watu, ila usizitazame zote kwa wakati mmoja. Ukipata nafasi nenda Fort Worth, mwendo wa saa tano hivi kwa gari, kwenye jumba la makumbusho la Amon Carter. Ndilo linalotunza picha za Erwin Smith, na ndilo lililomwagiza Richard Avedon kupiga mradi wake wa Magharibi ya Marekani, kati ya 1979 na 1984. Avedon aliwasimamisha watu 752 mbele ya karatasi nyeupe: wachimba makaa, wachinjaji, wazururaji, wahudumu wa migahawa, na makauboi wachache miongoni mwao. Aliondoa mandhari yote. Wenyeji wengi walikasirika, wakasema amewafanya wawe wa huzuni kuliko walivyo. Mimi naona hasira ile ilikuwa na haki nusu, kwani alichagua sana nyuso zilizochoka. Lakini tabia moja iige bila kubadili: maelezo ya kila picha yalikuwa jina la mtu, kazi yake, mahali na tarehe. Hakuna "Kauboi, Texas".

Kisha mtazame Kristine Potter, hasa kitabu chake cha mwaka 2018 kilichotokana na safari zake magharibi mwa Colorado. Ametoka kwenye ukoo wa wanajeshi na kabla ya hapo alipiga picha za makuruta wa chuo cha kijeshi cha West Point, kwa hiyo anaijua sare inavyomtengeneza mwanaume. Nchi anayoionyesha imejaa vichaka na miamba, mwanga mkali unaumiza macho, na wanaume wamesimama humo kama wamesahau walichokuja kukishinda. Jane Hilton, Mwingereza, yeye aliingia ndani: aliwapiga makauboi majumbani mwao, vyumbani, kati ya mashuka na vitu vilivyotundikwa ukutani. Chumba cha kulala kinasema mengi ambayo malisho hayasemi. Na Blake Little, kati ya 1988 na 1992, alipiga picha kwenye rodeo za mashoga, ambako wanaume walipanda fahali wale wale na kuvunjika mbavu zile zile. Ukiziweka picha zake kando ya za rodeo nyingine unagundua hakuna ishara hata moja ya ukauboi ambayo ni mali ya kundi moja.

Sasa haki yako. Swali hili ulilificha mwishoni, nami nimeliona lina uzito kuliko yote.

Nani aliyemtengeneza kauboi wa kwenye picha? McCombe alizaliwa kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland. Frank, Uswisi. Evelyn Cameron, aliyeacha picha bora za maisha ya ranchi za Terry, Montana, tangu mwaka 1894, alikuwa mwanamke Mwingereza aliyejifunza kamera ili apate pesa ya kula. Mohamed Bourouissa, aliyefanya kazi nzuri sana mwaka 2014 na vijana weusi wanaofuga farasi kwenye mtaa wa Fletcher, Philadelphia, alizaliwa Algeria. Wageni ndio walioijenga taswira hii kwa sehemu kubwa. Anayekuuliza umetoka wapi, mjibu kwa adabu, kisha endelea.

Kwa upande wa rangi, umo ndani ya historia hiyo tangu Bose Ikard. Bill Pickett, mweusi wa Texas aliyezaliwa karibu mwaka 1870, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ule mchezo wa kuruka kutoka kwenye farasi na kumwangusha dume kwa pembe, unaochezwa leo kwenye kila rodeo kubwa. Okmulgee, Oklahoma, ina rodeo ya watu weusi tangu mwaka 1956. Ivan McClellan alifika hapo mwaka 2015 na amekuwa akizipiga picha rodeo hizo tangu wakati huo. Rory Doyle amefanya hivyo hivyo kwenye delta ya Mississippi kuanzia 2017. Angalia jambo moja kwao: wanapiga watoto, bibi, nyama choma, farasi anayeoga kwa mpira wa maji. Mwanaume haonekani peke yake kwenye upeo. Hata hivyo usiwape makauboi weusi kazi ya kuwa "jibu" kwa weupe. Wao pia wana majivuno yao na ukimya wao, na wake zao wanajua. Wahoji wake hao. Aliyeendesha gari kwenda hospitali usiku ule mbavu zilipovunjika anakumbuka mengi kuliko aliyevunjika.

Na Kongo yako haikuwa mbali na habari hii. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walitoka kwenye sinema za makauboi wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Wakavaa kofia na skafu, wakagawana mitaa, wakajitungia lugha yao. Walikuwa chini ya serikali ya kikoloni iliyomwita mwanaume mzima "boi", na kwenye turubai waliona mwanaume asiyeamriwa. Jean Depara, mzaliwa wa Angola, aliwapiga picha. Zitafute. Zitakuonyesha kwamba watu wa nchini kwako walishawahi kuuvaa uvumi huu mwilini na kuupa maana yao.

Kuna mradi ambao wewe pekee unaweza kuufanya, na ndio sababu nimeandika jibu refu hivi. Pande hizo za Texas ni miongoni mwa maeneo yanayonenepesha ng'ombe wengi zaidi Marekani. Kwenye yale mazizi makubwa kuna makauboi wanaopanda farasi kila alfajiri, wanapita zizi hadi zizi kutafuta ng'ombe mgonjwa: anayeinamisha kichwa, anayebaki nyuma, ambaye tumbo limebonyea. Jambo hilo baba yako alilifanya milimani, na bila shaka alikufundisha kulitazama. Wapiga picha wengi huwakwepa watu hawa, kwa kuwa nyuma yao kuna malori na mashine za chakula badala ya korongo jekundu. Lakini hao ndio makauboi wa leo, wanalipwa mshahara, wengi wanazungumza Kihispania. Anza nao. Kisha mfuate ng'ombe mpaka anapoishia, kwa watu wanaovaa glavu za nyuzi za chuma na kushika kisu zamu nzima, Wakongo, Wasomali, Waburma, Waguatemala. Mwanaume mwenye farasi yuko kwenye mabango, mwanaume mwenye kisu hayuko popote, ilhali ni mnyama mmoja, na mikono ya wote wawili inauma usiku.

Usijaribu kupiga picha ndani ya kiwanda kwa siri. Utapoteza kazi, na utawaponza wenzako ambao karatasi zao bado hazijakaa sawa. Piga wanapotoka alfajiri kwenye maegesho. Piga nyumbani, mikono ndani ya beseni la maji ya moto, kanisani Jumapili na suti zao, mpira wa jioni. Waulize swali lile lile utakalomwuliza kauboi: uliambiwa mwanaume ni nani, aliyekuambia ni nani, na unaendeleaje na hilo? Majibu yaandike kwa lugha waliyoyasema. Jina liweke kwa idhini tu, na asiyetaka uso wake utokee, piga mikono.

Novemba kawaida huwa kuna mashindano ya ranchi hapo Amarillo, yale ya Working Ranch Cowboys Association, ambako timu hutoka kwenye ranchi zinazofanya kazi kweli na wanaume wanne wanagombana na ng'ombe mmoja mkali ili wamkamue matone kwenye chupa. Nenda na picha zilizochapishwa za watu uliowapiga mwaka huu, uwape mkononi, bure. Utakaribishwa ranchini kabla ya Krismasi. Ukishapata picha kama mia mbili, zichape ndogo, zitandaze sakafuni, na utoe kila moja ambayo ingeweza kuuza suruali, gari au sigara. Zitakazobaki nitumie, hata zikiwa kumi, pamoja na majina na mishahara.